Kabati la Shangazi Laenda Kipini

Mafuriko yalipoikata barabara, shangazi aliamua kabati lake la kioo liende Kipini kwa maji. Nahodha mmoja wa Garsen akachukua mitumbwi miwili ya mwembe, akaifunga sambamba kwa boriti na kamba, juu akagongomelea mbao, nyuma akapachika injini. Matajiri wa Ulaya hukiita chombo cha namna hiyo katamarani na kukilipia mamilioni. Chetu kilipakia kabati, magodoro, watu wanne na mbuzi wa nahodha, na bado kilipita maji ya gotini.

Sifa hiyo ndiyo iliyotuponza. Jahazi likiona fungu hugeuka mapema. Nahodha wetu alisema "hapa tunapita" mpaka tukawa katikati ya mchanga, mbali na kila ukingo. Basi unashuka, unasukuma, jicho moja kwenye boriti, jingine kwa mamba.

"Baba, mto huu umeusomea wapi?" shangazi aliuliza, amejilaza godoroni.

"Mama, huu hausomeki. Ukihitimu leo, gharika ikija unarudi chekechea."

Hapo hakukosea. Hata mlango wa mto huu wa Tana haukuwa Kipini tangu mwanzo. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ipite. Mto ukaupenda, ukaupanua, ukahamia mzima mzima.

Tulipokaribia bahari, upepo wa kusi ukaligundua kabati. Injini inasukuma kwenda Kipini, kabati linaturudisha Garsen. Kulilaza? Shangazi hakutaka kusikia, kioo kingepasuka.

Jioni tukatia nanga karibu na kijiji cha Ozi. Nanga yenyewe ni giaboksi ya lori. Tulilala omo likielekea Garsen. Usiku wa manane nikaamka, linaelekea bahari. Mwenzangu akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Kumbe ni maji kujaa tu. Bahari huusukuma mto kinyumenyume, na wakulima wa Ozi hungoja maji matamu yanayopandishwa hivyo yawanyweshee mpunga. Wao waliota mavuno, sisi tulizungushwa hadi juu ya tope.

Alfajiri tulikuwa tumepwelewa: mtumbwi mmoja topeni, mwingine majini, kabati limerukuu kama imamu. Mbuzi peke yake ndiye aliyefurahi. Alishuka, akapanda ukingo, akaanza kula mpunga wa watu.

Mwenye shamba alikuja na panga. Alimtazama mbuzi, akalitazama kabati, akamwona shangazi akijitengeneza buibui kwenye kioo.

"Shikamoo, mama," alisema, panga likishuka.

"Marahaba, mwanangu. Ni kiasi gani?"

Wakaelewana.

Maji yalipojaa tukaelea, ila giaboksi iligoma kutoka topeni, ikabidi kamba ikatwe. Kipini nahodha akadai nusu ya nauli iliyobaki, pamoja na bei ya nanga. Shangazi akafungua pembe ya leso, akatoa hesabu ya mpunga ulioliwa na mbuzi wake, akampa kilichosalia. Ya nanga alimwambia akamdai kiboko.