Sifa za Soketi ya Ukutani

Wengine na waimbe sifa za chaja za kasi za barabarani. Mimi namsifu mnyonge: soketi ya ukutani ya matundu matatu, ile ile ya pasi, inayolichaji gari la umeme usiku kucha na bado ikaomba muda zaidi.

Kwanza, unyenyekevu wake. Imeandikwa ampea 13, lakini ikibebeshwa mzigo huo kwa saa nyingi mfululizo, plagi huweza kuyeyuka. Kwa hiyo waya wa kuchajia huvuta ampea 10 tu, ambazo kwa volti 240 ni kilowati 2.4, nguvu ya birika la umeme. Sasa chomeka Nissan Leaf ya kilowati-saa 40, moja ya zile zinazotumika Japani kisha zikashukia Mombasa. Kuijaza kutoka sifuri ni karibu saa 17, na ukijumlisha umeme unaopotea kama joto, adhuhuri ya kesho itakukuta bado umechomeka.

Neema iliyoje! Mwenye gari la petroli hana pa kujificha. Shemeji akipiga simu saa mbili usiku, "Shemeji, niko Kitengela na magunia mawili ya viazi," atajibu nini? Mimi hutoka nje, nikazitazama zile taa tatu za buluu juu ya dashibodi, ya kwanza ikipepesa, nikarudi kwenye simu na sauti ya msiba: "Pole sana, shemeji. Iko asilimia 9." Hakuna anayebishana na asilimia. Na stima ikipotea usiku wa manane, udhuru unarefuka wenyewe.

Wajuaji hunishauri nifunge chaja ya ukutani ya kilowati 7. Hawajui kwamba Leaf nyingi za soko la Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 tu. Funga mtambo wa ukubwa wowote, gari litavuta zile zile tatu. Isitoshe, betri ya Leaf kama hizi haina mfumo wa maji wa kuipoza, hivyo mwendo wa pole unaisitiri na joto. Huo ndio utetezi wangu wa kisayansi, nao huutoa nikibanwa.

Kasoro nimeiona moja. Shemeji naye amenunua Leaf, na kwake ni ghorofa ya nne. Jumamosi anakuja kuchajia hapa, saa 17, na ameshauliza tunapika nini.