Gari la Kazi Zote

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina mafundi wangapi, tangaza kwamba unatafuta gari la kuvutia magari mengine. Kinyozi wangu ana msimamo mkali kuhusu giaboksi. Muuza supu aliniacha na bakuli tupu mkononi akieleza ubaya wa turbo. Mama mkwe, ambaye hajawahi kukaa nyuma ya usukani, alinivuta pembeni baada ya chakula, akaninong'oneza: "Baba, ila usinunue la petroli."

Biashara yenyewe ni ndogo: mimi na shemeji, tunahamisha magari. Limenunuliwa yadi, linapelekwa kwa mwenyewe. Limekufa Tegeta, linakwenda gereji Ilala. Limeingia mtaroni Jangwani, linatolewa kabla watoto hawajaligeuza uwanja wa michezo. Wale vijana wa IT, wanaochukua magari bandarini na kuyaendesha kwa matairi yake yenyewe hadi mpakani Tunduma, si wenzetu. Wanatukumbuka likiwazimikia njiani.

Shemeji alikuwa na sharti moja tu: liwe gari la kazi zote. Siku za kazi livute, Jumamosi liende harusini, Jumapili litupeleke Bagamoyo kupunga upepo. Akaja na ushahidi wa kihistoria. Mwaka 1916, huko Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani, fundi mmoja aitwaye Ernest Holmes alihangaika saa nyingi na wenzake kuitoa Ford iliyotumbukia kijitoni. Alipochoka na kazi ya kamba na jasho, akachukua nguzo tatu, kapi na mnyororo, akavifunga kwenye Cadillac ya 1913. Ndiye anayetajwa kuwa baba wa brekidauni. Shemeji akahitimisha kwamba kama brekidauni ilianzia kwenye gari la starehe, basi sisi kununua Hilux ya milango minne yenye kiyoyozi ni kufuata mila tu.

Dalali naye hakuwa nyuma. "Bosi wangu, hii chuma," alisema, akipiga kofi boneti la Land Cruiser mkonga. Injini 1HZ, dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina turbo (muuza supu angefurahi). Ilikuwa ya mzungu wa shirika, hajawahi kuitoa mjini. Nikamuuliza mbona chini ina matope mekundu mpaka kwenye tangi. Akasema mzungu alikuwa anapenda bustani. Gari lenyewe lilikuwa zuri, sikatai. Ni bei tu iliyonifanya niulize kama na nyumba ya mwenye gari imo humo humo.

Tukarudi kwa Hilux ya shemeji. Tuliazima moja kwa rafiki yake, pamoja na trela lililochomelewa Gerezani, tukapata na mteja wa majaribio Mbezi. Kwenye simu alisema ana "kagari kadogo tu, kaka". Tukakuta Alphard. Nilipomuuliza udogo uko wapi, akanijibu kwamba ukilinganisha na basi ni dogo.

Hesabu ya haraka: Alphard ni karibu tani 2, trela la chuma ni kilo mia kadhaa zaidi, na Hilux yenyewe haifiki tani 2. Kwa hiyo aliyekuwa akivutwa alikuwa mkubwa kuliko mvutaji. Kwenye tambarare na kwenye kupanda hukuona shida yoyote. Shemeji akawa anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine uko dirishani, ananieleza tutakavyofungua tawi Dodoma.

Ule mteremko wa kutoka Kimara kuja Ubungo ndio uliomkatisha. Trela halikuwa na breki zake. Shemeji akakanyaga breki, Hilux ikaitikia, Alphard haikuitikia. Ikaanza kutusukuma kwa nyuma, polepole, kwa adabu kabisa, huku trela likiyumba kushoto na kulia na usukani ukipepea. Basi la mwendokasi likatupita kwenye njia yake, abiria wa dirishani wakitutazama kwa huruma. Dodoma ikasahaulika. Mkono wa dirishani ukarudi kwenye usukani, gia zikashushwa moja moja injini isaidie kuzuia, na shemeji, ambaye simjui kwa ibada, akaanza kusoma dua nilizodhani amezisahau tangu madrasa.

Tulisimama salama. Kazi ikabaki kuingiza trela kinyumenyume kwenye kichochoro Manzese. Wajuzi wa jambo hili wanafahamu kwamba trela huenda kinyume na usukani: ukikata kulia, lenyewe linaingia kushoto. Vijana wa kijiwe hawakufahamu, ila walijitolea kutuelekeza, wote, kwa wakati mmoja. "Kata! Kata yote! Njoo, njoo, njoo, njoo..." Neno "basi" lilikuja baada ya genge la mama mmoja kulala chini. Mama hakupiga kelele. Alihesabu tu nyanya, zile nzima pamoja na zilizokanyagwa, akataja bei ya zote. Wiki ile kwangu tulikula mchuzi mwekundu kuliko kawaida.

Fundi wetu wa Ilala, mzee asiyependa maneno, alitusikiliza akiwa chini ya gari la mtu. Alisema bila kutoka: "Mnauliza linavuta tani ngapi. Kuvuta hata bajaji itavuta ukiipa muda. Ulizeni linasimamisha tani ngapi."

Akaongeza jambo lililoua na wazo letu la akiba, yaani kununua gari lolote na kuvuta kwa mnyororo. Magari mengi ya mjini siku hizi ni otomatiki. Injini ikizimwa, pampu ya oili ndani ya giaboksi nayo inasimama. Ukilikokota matairi yanayoendesha yakiwa chini, giaboksi linazunguka kavu na kuungua. IST ya kawaida inaendeshwa na matairi ya mbele, kwa hiyo unainua mbele. Mark X ya kawaida ni ya nyuma, unainua nyuma. Ukikuta RAV4 ya fowili, unainua yote manne, na hapo ni bora ulibebe tu.

Ndivyo ilivyokuja Canter. Bodi lake ni la chuma, linateleza nyuma na kuinama hadi chini, winchi inalivuta gari juu, unalifunga mikanda, mwenye nalo akipenda anapiga picha. Injini ni 4D33, ambayo hakuna gereji itakayokuambia urudi kesho wakatafute anayeijua. Hesabu yake ina ubishi wa namna nyingine: bodi na winchi vinakula sehemu ya uzito unaoruhusiwa kubeba, na ukitoka kuelekea Chalinze, mizani ya Vigwaza haitaki kusikia habari za kagari kadogo.

Shemeji alinuna. Kabini ina viti vitatu, na kiyoyozi ni dirisha. Siku ya kwanza fundi aliinamisha kabini kuangalia injini bila kujua kwamba chipsi mayai ya shemeji ilikuwa juu ya kiti. Tuliikuta imejipanga kwenye kioo cha mbele, yai limetangulia.

Lakini kumbe gari la kazi zote ndilo hilo hilo, na habari zilifika kwa ukoo mzima kabla hatujabadilisha jina kwenye kadi. Bodi tambarare linapakia viti vya msiba, maturubai na masufuria ya pilau. Linapakia kabati la shangazi anayehama. Jumamosi linapakia kundi la matarumbeta, mpiga ngoma akiwa ameegemea winchi, mpiga picha akining'inia pembeni. Baba mdogo hupiga simu na swali lake ni lile lile: "Mwanangu, hilo gari lako si limekaa tu?" Limekaa kwa sababu linasubiri mteja anayelipa, baba mdogo.

Tumekubaliana na shemeji kwamba ndugu watalipa dizeli, na kwamba msiba tu ndio bure. Wewe usiye ndugu, ukitupigia, tuambie ni gari gani hasa, kama matairi yote yapo, kama usukani unakata, na ufunguo uko kwa nani. Kama ufunguo anao mumeo na mumeo yuko Mbeya, anza kumpigia yeye.