Namna ya Kuoka Mkate na Kumjibu Jirani Aliyemchapa Mtoto Wako

Anza na unga, jirani atafuata. Mtoto akiingia analia, mkono shavuni, akakwambia mama wa nyumba ya pili amempiga kofi, usifunge kikwembe utoke. Chota unga.

Kilo moja ya unga wa ngano. Kijiko kimoja cha mezani cha hamira, ile tunayoiita levire. Chumvi kijiko kidogo, mafuta vijiko viwili, sukari vijiko vitatu. Sukari usizidishe: tangu kiwanda cha sukari cha Kiliba kisimame wakati wa vita vya 1996, sukari yetu inatoka mbali, na mpaka wa Burundi ukifungwa bei inapanda kesho yake. Maji ni nusu lita na kidogo, yaliyochemka kisha yakapoa hadi vuguvugu. Hapa Uvira, Kongo, tunaijua kolera vizuri mno, kwa hiyo mikono yote inayogusa unga, ya mkubwa na ya mdogo, inaanzia kwenye sabuni.

Sasa kanda. Hasira ina kazi yake hapa. Unga unataka mikono yenye nguvu kwa dakika 10 nzima, na siku aliyochapwa mtoto wako na mtu mwingine nguvu hiyo unayo. Kanda mpaka unga uache kushika vidole, ufunike kwa kitambaa, uweke pembeni pasipo upepo. Utaumuka kwa saa moja hivi. Saa hiyo ni ya mtoto.

Mkalishe, mpe maji, mwulize alifanya nini. Watoto hutoa habari nusu nusu. Wangu aliniambia walikuwa wanacheza mpira, basi. Nilipouliza mara ya tatu ndipo ndagala, yaani dagaa, zikatokea: jirani alikuwa amezianika kwenye turubai, na mpira ulipoangukia pale watoto wanne walipita juu yake kwa miguu. Ndagala za turubai moja ni mtaji wa mtu. Mama yule huamka alfajiri kuzinunua kwa wavuvi zikiwa mbichi, anazigeuza jua lote, na mvua ikinyesha anazikimbilia kabla ya nguo zake. Nilipojua hilo, hasira yangu ilipungua, lakini kofi halikugeuka kuwa sahihi. Mtoto ana miaka sita.

Kabla hujatoka, ujue umesimama wapi. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inampa mwenye mamlaka ya mzazi haki ya kumkemea mtoto na kumrekebisha kulingana na umri wake. Mwenye mamlaka ya mzazi, si avenyu nzima. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka nidhamu ya nyumbani na ya shuleni itolewe kwa namna inayomtendea mtoto kwa utu. Ukijua hayo sauti yako inatulia. Lakini usiende kumsomea jirani vifungu mlangoni kwake. Anayesomewa sheria na jirani huanza kutafuta mashahidi. Mimi mwenyewe kofi nimeliacha hata nyumbani kwangu, kwa sababu niliona mtoto anajifunza kunikwepa, hajifunzi kosa lake.

Wapo watakaokushauri umkataze jirani asimwambie mtoto wako neno lolote tena. Nawaomba wasiwashauri wazazi hivyo. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba, nilikuwa kwa dada yangu, karibu na mto, na mtoto akiwa mchanga. Kwenye giza na kelele za maji nilimkabidhi mtoto kwa mwanamke niliyekuwa hata simjui jina, nikarudi ndani kumtoa mama yetu. Nilimkuta mtoto asubuhi amefunikwa kikwembe kikavu, amelala. Tangu siku ile siwezi kumwambia mama yeyote wa Uvira kwamba mtoto wangu hamhusu. Ninataka kuwe na macho mengi juu yake, na midomo mingi ya kumtoa barabarani pikipiki zikipita. Ninachokataa ni mkono.

Unga ukishavimba mara mbili, ubonyeze hewa itoke, uviringe, uweke kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Huku ukivimba tena, mshike mtoto mkono, nendeni pamoja. Usimtume peke yake kwa mtu aliyempiga. Chukua na kipande cha bati: unaenda kuomba makaa ya moto, yale tunayoyaita makala, na hiyo ni sababu ya kweli, maana mkate utayahitaji.

Mtoto aombe msamaha wa ndagala kwanza. Kisha wewe. Mimi nilisema hivi:

“Mama, mutoto amekosa, na ndagala nitalipa. Siku ingine akikosa, umugombeze, halafu umulete kwangu. Lakini mukono, uniachie mimi.”

Hakujibu upesi. Aliendelea kuchagua ndagala zilizopona, akaweka zilizopondeka pembeni. Mwishoni akauliza, “Na wangu wakifika kwako, utawagombeza?”

“Nitawagombeza.”

“Bila mukono?”

“Bila mukono.”

Akanijazia bati langu makala, akanifuata.

Kuoka kwenyewe hakuna siri. Umeme ukikatika mkate umefika nusu umeupoteza, kwa hiyo tunatumia mbabula, jiko la makala. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu wa ziwani uliooshwa, unene wa kidole, na mawe matatu juu yake. Sufuria ndogo yenye unga ikae juu ya mawe, funika kubwa kwa kifuniko cha bati, kisha panga makala juu ya kifuniko. Moto mwingi uwe juu, mdogo chini; ukifanya kinyume utapata mkate ulioungua tako na kichwa kibichi. Baada ya dakika 40 hivi toa, geuza, gonga chini kwa vidole. Ukilia kama ngoma umeiva.

Niligonga mimi, nikasema umeiva. Jirani akagonga, akatega sikio, akasema, “Bado kidogo,” akaurudisha mwenyewe na kuongeza makala mawili juu. Alikuwa sahihi. Tulipoutoa mara ya pili, watoto wake wawili walikuwa wamefika, na wangu alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye ukoko.

“Wewe!” jirani akamkaripia, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. “Mikono umenawa?”

Mtoto akanitazama. Nikakata mkate. Akaenda kwenye ndoo, na wale wawili nyuma yake.