Bado Inatembea

Saa nne za usiku, mtaa wa Makanyagio, Mpanda. Chini ya mwembe imeegeshwa Noah nyeupe ya mwaka 1998, injini yake chini ya viti vya mbele kama zilivyo Noah za kizazi kile. Chini ya tumbo lake limetegwa kopo tupu la maziwa ya unga. Tetea amejikunyata kando ya tairi. Ndani ya injini, kwenye ala yake nyembamba, amesimama Stiki, kijiti cha kupimia oili. Kwenye kioo cha nyuma amebandikwa Stika mwenye herufi nyekundu: MWENYE WIVU AJINYONGE. Binadamu wote wamelala, ndiyo maana mazungumzo haya yana akili kidogo.

KOPO: Shikamoo, bibi.

NOAH: Bibi ni nani? Mimi wa 1998. Wenzangu wa umri huu hapa Mpanda bado wanaitwa mabinti.

KOPO: Samahani. Shikamoo, dada.

NOAH: Marahaba. Nani kakuweka hapo uvunguni kwangu bila adabu?

KOPO: Bosi wako. Kasema nikae, nisimwage. (To!) Hilo ni la mia tatu na sita tangu magharibi.

NOAH: Unahesabu?

KOPO: Nifanye nini kingine? Nilipokuwa na maziwa watu walinihesabia vijiko. Sasa na mimi nawahesabia matone.

NOAH: Jasho tu hilo. Anayefanya kazi hutoka jasho.

KOPO: Jasho jeusi, dada?

NOAH: Kazi yenyewe nzito.

STIKI: Jamani, na mimi nina neno.

NOAH: Hujaulizwa.

STIKI: Ndilo neno lenyewe. Sijaulizwa tangu Nane Nane. Nina alama mbili mwilini, ya juu na ya chini, na kazi yangu yote duniani ni kuchomolewa, kufutwa, kurudishwa, kuchomolewa tena na kusomwa. Zamani oili ilinifika kifuani. Sasa inanilamba ncha ya kidole.

STIKA: Mwenye wivu ajinyonge!

KOPO: Nani huyo?

NOAH: Huyo wa kioo cha nyuma. Hajui sentensi nyingine.

TETEA: Mimi sijui mambo ya injini, lakini nina malalamiko. Kila nikilala hapa miguu inakuwa myeusi. Nikienda kutaga, mayai yanapata madoadoa. Juzi mteja kauliza kama ni ya kanga. Mama mwenye nyumba, kwa haraka zake, kasema ndiyo, akapandisha bei. Sasa jogoo ananitazama kwa jicho baya, anauliza huyo kanga nilikutana naye lini.

STIKA: Mwenye wivu ajinyonge!

TETEA: Hapo kwa jogoo amesema kweli.

KOPO: Turudi kwenye hesabu. Bosi akiulizwa anasema, "Kinadondoka kitone kimoja kimoja tu." Haya. Tuseme kitone kimoja kila dakika. Siku moja ni vitone 1,440. Ukikadiria vitone 25 kwa mililita moja, siku moja ni kama mililita 58, na siku 30 ni karibu lita moja na robo tatu. Injini yako, dada, inabeba lita nne na kidogo. Na hapo ni mimi niliyelala chini yako. Inayomwagika ukiwa mbioni, oili ikiwa ya moto na pampu inaisukuma, sina hesabu yake. Hiyo inapokewa na barabara.

NOAH: Lakini natembea! Juzi tu tulitoka Sitalike kwenda Kibaoni, tukakatiza hifadhi, abiria kumi na mmoja...

KOPO: Una viti vinane.

NOAH: Walipendana. Sasa kule hifadhini unajua mbung'o walivyo. Kitu kikubwa kinachotembea wanakifuata wakidhani ni nyati. Tukafunga vioo. Tulipofunga, ule moshi ukaanza kupanda kutoka chini ya kiti cha dereva.

KOPO: Moshi gani?

NOAH: Oili kidogo inadondokea bomba la moshi, inaungua. Mama mmoja akapiga kelele, fungueni tupumue. Kijana wa nyuma akapiga kelele, fungeni tusiumwe. Tukifungua, mbung'o. Tukifunga, moshi. Mpaka mzee mmoja akaamua shauri: "Fungueni. Heri mbung'o, yeye akishashiba huondoka."

KOPO: Na Bosi alisemaje?

NOAH: Kawaambia abiria ile ndiyo harufu ya injini za Kijapani zikishapata moto vizuri.

KOPO: Oili juu ya chuma cha moto, watu kumi na mmoja juu ya oili, na petroli inapita hapohapo kwenye mpira wa zamani. Na mtu anatania.

STIKI: Matibabu aliyopewa dada huyu unayajua? Fundi wa kwanza alipaka silikoni juu ya uchafu. Silikoni haishiki penye mafuta, kwa hiyo wiki haikuisha ikabanduka. Akarudia, safari hii akaimwaga kama anayepaka siagi kwenye mkate wa sikukuu. Ziada ikafinyika kwa ndani. Kipande cha namna hiyo kikiangukia kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kinakwenda kuziba chujio la pampu, injini inakufa kwa kiu na oili ipo. Fundi wa pili akashauri oili nzito. Oili nzito haizibi tundu. Inachelewa tu kupanda juu asubuhi, vyuma vinasagana vikiisubiri. Fundi wa tatu ndiye bingwa wao. Alitoa balbu ya taa ya oili kwenye dashibodi.

KOPO: Taa ilikuwa na kosa gani?

NOAH: Ilikuwa inawaka.

(Kimya. To!)

KOPO: Mia tatu na thelathini na mbili.

STIKI: Tena watu hawaelewi ile taa. Wanadhani inasema, "Oili imepungua, nikumbuke kesho." Hapana. Inasema presha imeshaondoka. Ikiwaka njiani, unazima injini papo hapo, hata kama viboko wa mto Katuma wanakutazama. Kupungua kwa oili ni kazi yangu mimi kukwambia, siku nyingi kabla ya taa. Ndiyo maana nimetengenezewa pete ya kushikia. Nani anaishika?

KOPO: Hakuna fundi hata mmoja aliyesema kweli?

STIKI: Yupo, wa jirani na stesheni ya reli. Hakushika hata spana. Alisema, niachieni gari siku moja. Nitaiosha injini kwa mafuta ya taa, ikauke, niiwashe, nitazame oili inachungulia wapi, kwa sababu oili huteremka, na unapoiona ikining'inia sipo ilipotokea. Nitaanza juu nikishuka: gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kisha mpira wa distributa, filta na swichi ya oili, sili za krenki, mwisho sampo na nati yake. Na kabla ya yote nitatazama bomba la kupumulia la injini. Likiziba, hewa ya ndani inakosa pa kutokea, inaisukuma oili kwenye kila sili, na hata ukifunga mpya zitavuja vilevile.

KOPO: Maneno ya mtu mzima hayo. Bosi akajibuje?

NOAH: Kasema siku moja ni tripu mbili za Sitalike. Akaomba kopo.

KOPO: Kumbe mimi ndiye matibabu!

STIKA: Mwenye wivu aji...

KOPO: Wewe nyamaza. Wivu wa nini, wa doa?

NOAH: Kijana, nisikilize. Mimi ni mzee, nimekubali, si binti. Gari la zamani ni lazima livuje. Ndiyo maumbile.

KOPO: Hapana, dada. Hilo ndilo nililokataa tangu magharibi. Uzee ni kitu kingine na kutelekezwa ni kitu kingine. Redio ya Bosi ilikaa juu yangu mwaka mzima, nikasikia habari za Liemba, meli ile iliyobeba watu wa Karema na Ikola humuhumu mkoani kwetu. Imeundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, ikashushwa majini Kigoma 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao wakazipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa injini zilezile. Umenielewa? Waliokuwa wakiizamisha meli waliitunza kuliko unavyotunzwa wewe na mtu anayesema anakupenda.

NOAH: Ananipenda kweli. Kaninunulia spika nne.

KOPO: Spika nne!

NOAH: Na mapazia. Na rimu. Na huyu Stika.

KOPO: Spika nne, mapazia, rimu na mpumbavu wa herufi nyekundu, lakini gasketi ya mpira ni ghali! Kwa sababu gasketi haionekani. Hakuna anayesimama stendi kukusifia, "Bosi, gasketi kali." Acheni niseme, hata kama mimi ni bati tu. Ninyi watu mnaotulaza sisi makopo chini ya magari, mnajua mnachofanya. Methali ya ufa na ukuta mnawafundisha watoto tangu hawajaota meno ya pili, halafu mkiuona ufa mnautegea kopo. Bati linavuja, mnahamisha kitanda. Koki inadondosha maji, mnaweka ndoo. Mtoto anakohoa wiki ya sita, mnamtafunisha karafuu. Kila kitu kwenu "bado kinatembea". Hata mtu anayekwenda kaburini kwa miguu yake bado anatembea!

TETEA: Polepole, utaamsha vifaranga.

KOPO: Waamke, wasikie! Na nikijaa mimi, mnanipeleka wapi? Nusu mnapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, nusu mnamwaga mtaroni. Nguzo za uzio huu zinapata oili kuliko injini! Na ya mtaroni, Novemba mvua ikianza inachukuliwa mpaka kwenye maji, inatanda juu kama kanga ya hariri, na chini yake samaki hapati hewa. Halafu mnalalamika maji yananuka. Yananuka ninyi.

(Kimya kirefu. Hata Stika hana la kusema. To!)

NOAH: Kijana.

KOPO: Naam, dada.

NOAH: Niite bibi tu. Nikinoki, nitanokea wapi?

STIKI: Kwa kawaida ni mbali na nyumbani. Beringi zikikosa oili zinashika krenki, unasikia mlio kama nyundo ya mhunzi, kisha kimya. Hapo si gasketi tena. Ni kushusha injini nzima au kutafuta nyingine. Na abiria wako wanashuka kusukuma katikati ya mbung'o.

NOAH: Wote kumi na mmoja?

TETEA: Mzee wa busara atabaki ndani. Yeye na mbung'o wameshaelewana.

Alfajiri Bosi alitoka na mswaki mdomoni. Aliinama, akalivuta Kopo, akalichungulia kwenye mwanga. Mimi, jirani yake, nikasema moyoni, leo atachomoa stiki. Akanyanyua kiti cha dereva, akafungua mdomo wa injini, akatandaza kitambaa cha zamani, akaimimina humohumo oili ileile, na vumbi lake, ukabaki unyoya mmoja tu wa Tetea juu ya kitambaa. "Hakuna kinachopotea," akamwambia mkewe. Kisha akaipangusa Stika kwa mkono wa shati, akawasha, Noah ikakohoa moshi wa bluu, ikaondoka. Chini ya mwembe likabaki doa pana kuliko sinia.

Mimi ni jirani tu. Nimeshamwambia mara tatu, na mara zote tatu amenijibu kwa maneno mawili yaliyo juu ya habari hii. Kwa hiyo nakuambia wewe msomaji mwenye gari la zamani. Kesho asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena, uisome. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuondoka, na siku hiyohiyo umpe fundi nafasi ya kuosha na kutazama inatokea wapi. Ile iliyodondoka usiirudishe ndani wala usiimwage mtaroni. Gasketi ya tapeti kava ni kipande cha mpira kinachoning'inia msumarini kwenye maduka ya vipuri, na kwa fundi anayejua, kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja.