Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Anayehusika na Maegesho Kisiwani Lamu

Mheshimiwa,

Jina lako silijui, na kila niliyemuuliza pale gatini alicheka. Lakini serikali haikosi mtu wa kusimamia maegesho, kwa hiyo naandika nikiamini barua itakufikia.

Nimeendesha gari kutoka Mombasa, nikapita Malindi, Garsen, Witu na Hindi, zaidi ya kilomita 300 za joto na vizuizi vya polisi. Kufika Mokowe, barabara ikaishia majini. Nikaambiwa niache gari hapo, nimpe mlinzi cha chai, nipande boti. Gari lenyewe ni Prado, Mheshimiwa. Sasa limelala chini ya mwarobaini, kunguru wanalifanyia wapendavyo.

Upande huohuo wa bara, Kililana, bandari mpya imepangiwa gati 23. Meli ambazo hata hazijaundwa zimeshatengewa nafasi. Mimi niliyekwisha kufika sina.

Kisiwani ndiko nilikochukizwa hasa. Nilisikia kuna Harambee Avenue, nikafurahi. Kumbe ndiyo Usita wa Mui, kichochoro ambacho punda akija na magunia ya saruji inanibidi nibandike mgongo ukutani, nivute tumbo, na mguu mmoja nauweka mtaroni. Punda hapigi honi. Anayepiga kelele ni mwenyewe, huko nyuma, wakati gunia limeshanipangusa shati. Naomba njia hiyo ipanuliwe. Nyumba za matumbawe zinazoizuia zimekaa karne nzima na zaidi, bila shaka wenyewe wamezichoka. Najua UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini urithi gani huo usio na pa kugeuzia gari?

Na hao punda! Tangu 1987 wana hospitali yao ufukweni, matibabu bure. Wanajiegesha popote, mbele ya duka, mlangoni pa mtu, katikati ya njia, wala hakuna kanjo wa kuwafunga mnyororo.

Wenzetu wa bodaboda wamekwisha kujipenyeza kisiwani, ingawa Mji Mkongwe wamekatazwa. Nawaonea fahari. Leo pikipiki, kesho tuktuk, keshokutwa Prado. Wewe endelea tu kutoona. Kazi hiyo unaiweza.

Kama fedha za kubomoa hazipo, uko uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Nimeupima kwa macho: wazee wamekaa kivulini wakizungumza tu, tena bila risiti. Pale yanaenea magari kumi na mawili, na wazee wakisogea, kumi na matano.

Ada haina shida. Nitoze ya kila siku kama Nairobi, nikichelewa nifungie gurudumu. Bila hayo sitaamini kwamba nimefika mjini.

Ni mimi,
Mwenye Prado,
Mokowe.