Munyu na Wataalamu Wake

Jikoni Naitiri, kunde zikikataa kuiva, hakuna anayetafuta mtaalamu. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yakajazwa kwenye kopo la mafuta lililotobolewa chini kwa msumari, maji yakamiminwa juu. Kinachodondoka, chekundu kama chai ya rangi, ni munyu: maji yenye potasiamu, yanayolegeza nyuzi za mboga.

Majivu makavu nayo husugua sufuria hadi ing'ae.

Kitale mjini, binti wa jiko hilohilo hununua magadi ya paketi, sabuni ya unga na waya wa kusugulia. Akirudi nyumbani jioni, humwonyesha mamake simu: mzungu amegundua kwamba majivu hung'arisha vyombo. Mama akicheka, huambiwa asidharau sayansi.