Drili Moja, Mafundi Wengi: Mwongozo wa Kuinunua na Kubaki na Vidole Vyote

Kabla mchango haujakamilika na mtu hajatumwa Kariakoo, kaeni mkubaliane nani atatoboa nini. Karakana ya pamoja, kama zile za Keko jijini Dar es Salaam, huweka chini ya bati moja seremala wa vitanda vya mninga, fundi wa madirisha ya alumini na yule anayeitwa majumbani kufunga makabati ukutani. Kila mmoja ukimuuliza atakwambia anataka drili yenye nguvu. Jibu hilo halinunui kitu. Muulizeni tundu lake kubwa kabisa ni la milimita ngapi, na ni kwenye mbao, bati au zege.

Wawili wa kwanza watatoshwa na drili ya betri ya volti 18 ambayo mdomo wake unameza biti ya hadi milimita 13. Wa tatu anahitaji mashine nyingine, ile yenye pistoni ndani inayopigapiga biti huku ikizunguka. Ndugu yangu wa makabati, usimdanganye mweka hazina kwamba drili ya kawaida yenye alama ya nyundo itatosha. Tofali italitoboa. Kwenye nguzo ya zege itapiga kelele mtaa mzima ujue uko kazini, na tundu litakalopatikana litaenea punje ya mchele.

Dukani, someni kibandiko kabla ya kupenda rangi. Betri ya volti 18 ina seli 5 zilizofuatana, kila moja volti 3.6. Ikiandikwa 20 bado ni ileile, imepimwa tu ikiwa imejaa. Mkikuta nyingine ya ukubwa huohuo imeandikwa 88 au 98, rudisheni rafuni, hata muuzaji akiwaita wajomba. Ya waya nayo ina mtihani wake. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, Marekani ni 120, na Japani ni 100. Drili ya mtumba iliyotoka Japani hufika ikiwa safi na bei yake inachekesha, lakini mkiichomeka moja kwa moja ukutani mtapata moshi na hamtapata tundu.

Kuhusu plagi niruhusuni niwe mkali. Nyaya mbili zilizomenywa zikasindikwa kwenye soketi kwa njiti za kibiriti hazifai, na haidhuru fundi mkuu amefanya hivyo tangu ujana wake. Mtu akijikwaa kwenye waya, shaba iliyo wazi na yenye umeme inaanguka sakafuni, penye pekupeku na maji ya kunolea. Plagi ya pini tatu ni pesa ndogo kuliko mchango wa msiba. Drili ikiwa na alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake imekingwa mara mbili na haihitaji waya wa ardhi, ila kinga hiyo haisaidii kitu waya wake ukichanika.

Sasa tuje kwenye mpokezano, maana hapo ndipo drili ya shirika inapoumiza watu. Aliyetangulia ameiacha kwenye mwendo mkubwa, nyundo imewashwa, inazunguka kinyumenyume, na ufunguo wa kukazia biti bado umo mdomoni. Wewe unaipokea, unabonyeza, ufunguo unaruka. Kwa hiyo anayemaliza atoe betri au achomoe plagi kabla ya kumpa mwenzake, na anayepokea aangalie swichi zote kabla ya kuchomeka. Ufunguo ufungeni kwenye waya, karibu na plagi, ili anayeutaka alazimike kuchomoa umeme kwanza.

Mavazi ni jambo fupi. Mikono ya shati, ncha ya kanga, mkufu na nywele ndefu vifungwe mbali na mdomo wa drili. Glavu vueni: biti ikidaka uzi wake, inavuta na kidole. Miwani ya kinga vaeni kila mara, na kwenye zege ongezeni barakoa, kwa sababu vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu.

Umbo hili la bastola lenye kitufe kidoleni lilipata hataza nchini Marekani mwaka 1917, kazi ya Duncan Black na Alonzo Decker wa Baltimore, na tangu hapo linamshawishi mtu kwamba mkono mmoja unatosha. Hautoshi. Biti kubwa ikikwama, mwili wa drili ndio unaogeuka, pamoja na kifundo chako. Kile kishikio cha pembeni mlichokitupa na boksi kitafuteni mkirudishe.

Kipande cha kutobolewa kibanwe kwenye jiriwa. Kijana anayejifunza kazi si jiriwa. Bati hudakwa na biti pale inapokaribia kutokea upande wa pili, likazunguka likakata mkono uliolishika. Ukisikia fundi anaita, “Dogo, njoo unishikie hapa,” ingilia kati hata kama ni mkubwa wako. Mwambie kwa adabu, “Shikamoo mzee, jiriwa hii hapa,” umsogezee.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwenye chuma laini, biti ya milimita 3 inaweza kwenda mizunguko 2,500 kwa dakika, lakini ya milimita 10 iwe karibu na 800, na tone la mafuta juu yake. Anayebonyeza mpaka mwisho kwa kila tundu anachoma biti, kisha anasema ni feki.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo andikeni nani kachukua, saa ngapi, na kairudisha na betri ngapi. Chaja ikae mbali na takataka za randa. Drili inayotoa cheche zisizo za kawaida au harufu ya kuungua ifungwe kitambaa chekundu, itolewe betri, iondoke rafuni siku hiyohiyo.

Na biti msichangie. Kila fundi anunue zake, azinoe mwenyewe, aondoke nazo jioni.